Safari Nne Kabla ya Desemba

Jumanne, 14 Oktoba 2008
Naivasha kutwa. Maboksi manne ya waridi yamekataliwa. Ukungu kwenye majani. Nimefika Nakuru saa moja jioni, nikakuta barua ya shirika la ndege. Kanuni zao zimebadilika. Zamani kila safari ilihesabika kwenye kadi yao ya wasafiri wa mara kwa mara. Sasa itahesabika tu ile ya tikiti ya bei kamili, na atakayepungukiwa kufikia tarehe 30 Novemba atashushwa kutoka kadi ya dhahabu hadi ya fedha. Nimepungukiwa safari nne. Januari na Februari sikuruka popote: barabara haikupitika kwa ghasia za baada ya uchaguzi, maua yaliozea ghalani. Shirika halina kosa katika hilo. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatano, 15 Oktoba
Niandike wazi ninachokiogopa. Mdogo wangu Chebet atajifungua Uholanzi mwanzoni mwa Desemba. Mtoto wa kwanza. Mumewe hufanya kazi za zamu, na majirani hawajui hata jina lake. Anamtaka Mama. Pointi nilizokusanya kwa kuruka zinatosha tikiti ya Mama, lakini Desemba ndege hujaa, na mwenye kadi ya dhahabu ndiye pekee anayehakikishiwa kiti cha pointi. Wa fedha husubiri.

Jumapili, 19 Oktoba
Olenguruone. Mama alikuwa nyumbani kwake akichambua viazi vya mbegu. Nilimwomba anitajie tarehe yoyote, nimkatie tikiti kadi ikiwa bado hai. Hakuinua kichwa.
“Cherono, mtoto hajaonekana, na wewe unawakatia wageni wake tikiti?”
Kwetu mtoto asiyezaliwa hapangiwi jambo. Hanunuliwi nguo, hatajwi jina, hakuna anayefunga safari kwa ajili yake. Nilimkumbusha kwamba viza alikubali kuiomba.
“Viza ni ya kumwona Chebet. Chebet ameshaonekana.” Akacheka peke yake.
Nimeteremka mlima nikibishana naye kimoyomoyo. Nimeshinda kila hoja. Haikusaidia.

Basi kadi lazima ibaki hai mpaka mtoto azaliwe. Sioni njia nyingine. Labda ipo.

Jumanne, 21 Oktoba
Kwa Mzee Harish, ambaye amenikatia tikiti miaka minane. Nimetaka Nairobi–Mombasa, kwenda na kurudi, Jumamosi mbili. Zitakuwa nne.
“Madam, unaenda Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo? Hata samaki hutakula?”
Nilimweleza kanuni mpya, nikamlipa bei kamili. Aliandika daftarini, akarudia kwa sauti: “Za kuhesabika.”

Jumatatu, 3 Novemba
Nimechukua tikiti. Mzee Harish alinipa na bahasha ya chenji, akitabasamu kama aliyeficha zawadi. Nilishukuru. Nilikuwa na haraka.

Jumamosi, 8 Novemba
Mombasa. Sikutoka nje ya uwanja. Saa tatu nzima kwenye ukumbi wa wenye kadi, kahawa mbaya, kiyoyozi kikali. Mhudumu alinisalimu kwa jina langu. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Je, haya yote ni kwa ajili ya Chebet? Nadhani. Sina hakika kwamba ni kwa ajili yake peke yake.

Jumamosi, 15 Novemba
Tena. Jirani yangu kwenye ndege aliuliza ninafanya nini Mombasa. Nikasema maua. Nimemaliza nne. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 24 Novemba
Hazikuhesabika. Hata moja.
Nilipiga simu. Binti mwenye adabu nyingi alisema zile ni tikiti za ofa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Harish.
“Lakini madam, ofa ilitoka jioni ile ile! Nikasema, huyu ni mteja wangu, kwa nini alipe yote?”
Nikamweleza upya. Safari hii alielewa. Aliketi taratibu, akaagiza chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Kwa miaka minane amenitafutia bei ya chini, nami nilimsifu kwa hilo kila mara. Chenji niliipokea kwa mikono yangu, sikuuliza imetoka wapi.
Kuruka tena haiwezekani. Wakaguzi wa wanunuzi wako shambani hadi Jumapili.

Jumapili, 30 Novemba
Siku ya mwisho. Mvua. Wakaguzi wameridhika. Mimi nimekuwa wa fedha.

Ijumaa, 5 Desemba
Msichana! Amezaliwa alfajiri, salama. Chebet alilia kwenye simu, nami nikalia. Kabla ya saa nne Mama alikuwa amenipigia. “Haya, nitafutie hiyo ndege yako.” Sauti ya mtu aliyekwisha funga mizigo.
Nimewapigia watu wa shirika la ndege. Viti vya pointi vimejaa hadi mwisho wa Januari. Ya kununua, kwa msimu huu, siiwezi. Nimemwandikisha Mama kwenye orodha ya wanaosubiri. Kisha nilikaa ofisini nikitazama simu, nisijue nianze kumwambia yupi, Mama au Chebet.

Jumapili, 14 Desemba
Olenguruone. Nimemwambia Mama mwenyewe, si kwa simu. Hakunilaumu. Aliuliza kama Chebet anakula, na nani anamwogesha mtoto. Nikasema Chebet mwenyewe. Akaendelea kumenya viazi. Nilichukua kisu kingine nikamsaidia.
Nilikuwa na wiki sita kabla kadi haijashuka. Ningeweza kumkatia tikiti bila kumwambia, kwa tarehe ya kukisia, nikaibadili baadaye. Kanuni mpya haikukataza. Nililijua hilo tangu Oktoba. Mara mbili nilijaza jina lake kwenye kompyuta ya ofisi, mara mbili nikafuta. Nimekuwa nikijiambia kwamba ilikuwa ni kumheshimu Mama. Naona si hivyo, au si hivyo tu. Niliogopa. Nilimwogopea yule mtoto vilevile Mama alivyomwogopea, na Mombasa nilikwenda mara mbili ili nisilazimike kukiri.
Hilo sikumwambia Mama. Tumekula. Amenifungia viazi vya kurudi navyo, nikaondoka mapema kwa sababu ya ukungu.