Hewa ya Kilele cha Magamba

Bristol, 9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai baridi ya Mgwashi haikuonei. Mimi mzima, ila tasnifu inanikondesha.

Umeuliza kama ndege ni salama, na historia yake ndiyo ninayoisomea. Zamani ndege za abiria ziliruka chini chini, watu wakitapika mawinguni. Mwaka 1940 Wamarekani wakaanza kubeba abiria kwa ndege iliyofungwa na kujazwa hewa, ikapita juu ya dhoruba. Mwaka 1954 jeti mbili za Waingereza zikapasuka angani, wote wakafa. Bati lilichoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa, safari baada ya safari. Mafundi waliizamisha nyingine kwenye tangi la maji, wakaijaribu mpaka ikapasuka, ndipo wakajua. Nilisoma majina ya wale abiria nikalia.

Siku hizi usiogope. Hewa ya ndani ni nyepesi kidogo tu, kama uko kileleni Magamba. Wewe mtu wa milimani hutaona tofauti. Njoo Julai unione nikivaa joho. Miaka sita sijakuona.

Mwanao,
Beatha

Mgwashi, 2 Aprili

Mwanangu Beatha,

Marahaba. Huku wazima, hofu ni kwako. Kumbe bati nalo huchoka. Uliyekuwa ukiogopa kupanda mti wa mpea leo unanifundisha ndege. Hilo la Magamba nimelisikia, niache nilifikirie. Usinipigie simu, barua zanitosha.

Baba yako,
Fanueli

Bristol, 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujambo huko? Mbona kimya? Nimepiga mara nne hupokei. Nafasi yako ya ndege nimeshaishika. Kama ni woga sema tu, hata mimi nilitetemeka.

Mwanao,
Beatha

Mombo, 10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umeona hapo juu, niko Mombo, huku chini tambarare, kwa shangazi yako Rahabu, tangu Novemba. Mapafu yameharibika. Daktari alisema hewa ya juu hainitoshi tena, nishuke. Nikaendelea kuandika Mgwashi juu ya barua, na zako zikiletwa huku, ili usiache masomo, na simu sikupokea kwa kuwa ungesikia ninavyohema. Ulipotaja Magamba nikajua sitakuja. Usijilaumu.

Naogopa, Beatha. Nilitaka nikufiche na hili, limenishinda. Maliza shahada yako.

Baba yako,
Fanueli

Bristol, 27 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekukasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Joho watavaa wenzangu. Jumamosi natua Kilimanjaro, jioni niko Mombo. Barua hii nitaitangulia, naiandika kwa sababu tangu jana hata shangazi hapokei simu. Nisubiri, baba.

Mwanao,
Beatha