Valvu Yangu na Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Wageni wa kampuni ya pampu kutoka ng'ambo wamekuja karakanani kwangu! Kwangu mimi, niliyeishia darasa la saba na bado nikazunguka bandari nyingi kuliko maprofesa. Wanataka tuunde pampu zao hapahapa. Watatupa michoro, kalibu za kumwagia chuma, na mwalimu wa miezi sita. Mchomeleaji wangu akaninong'oneza, "Bosi, tumeula!"

Nikawaonyesha valvu yangu, niliyoibuni mwenyewe. Pampu zao zikivuta maji yenye mchanga zinakufa. Valvu yangu inautema mchanga kama mtoto aliyenyweshwa dawa chungu. Nikaifungua, nikaeleza yote. Meneja wao akapiga picha. Nami nikapozi — kitambi ndani!

Jumanne, 4 Machi
Mpwa wangu ni wakili. Leo amekuja nyumbani kuupitia mkataba walioniachia wageni. Nikamsimulia ya jana kwa mbwembwe. Akaweka kikombe chini.
"Mjomba, umepozi na siri yako mkononi?"

Kumbe kuna kifungu cha tisa. Chochote nitakachoboresha kwenye pampu yao ni mali yao. Nikikitumia bila ruhusa, kortini. Yaani mtoto azaliwe kwangu, jina la baba apewe la jirani!

Nikasema sisaini, waende zao. Mpwa akakataa: nisisuse, ujuzi wao tunauhitaji. Kweli. Kumwaga chuma kikatoka bila matundu, hapa hakuna anayejua. Hata mimi — na hilo naliandika humu tu.

Akasema tuwahi hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi. Anayetangulia kupeleka ombi ndiye anayeandikwa. Na zile picha je? Sheria inampa muda kidogo wa kupeleka ombi hata mvumbuzi aliyejianika mwenyewe. Ila meneja akitutangulia, kumng'oa ni kesi ya miaka.

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Mdomo wako huo ungekuwa pampu, mtaa mzima ungeoga." Nimecheka, lakini imenichoma.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisi ya hataza. Karani kauliza valvu ina jipya gani. Nikaanzia enzi zangu za bandarini. Mpwa akanikanyaga mguu, akaandika sentensi mbili. Mbili! Kazi ya miaka minne!

Lakini nilipozisoma, nikazirudia tena. Ni valvu yangu kabisa, haijaongezwa pambo. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la mafaili.

Ombi limepokelewa, muhuri umepigwa. Hataza yenyewe bado, wataichunguza kwanza, na hawana haraka. Ila tarehe ni yetu.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja kusaini. Nimekikata kifungu cha tisa kwa mkono wangu. Juu yake mpwa kaandika: boresho ni la aliyelifanya, mwenzake akilitaka aombe leseni.

Meneja akacheka. "Mzee, bila kifungu hicho hakuna mwalimu."
"Na bila valvu yangu pampu zenu zitaendelea kufia visimani. Nyie mnifundishe, mimi niwafundishe. Kuna ubaya gani?"
Akasema valvu ile mtu yeyote anaweza kuiunda, picha anazo. Mpwa akamsogezea tu nakala ya ombi lenye muhuri. Kicheko kikakatika.

Halafu kikaja kisingizio: ofisi kuu haitakubali. Nikamwambia apige simu, uwanja ule pale, mtandao unashika vizuri karibu na geti.

Naandika huku namwangalia dirishani. Ameongea, ametikisa kichwa, ameongea tena. Mchomeleaji kazima mashine apate kusikiliza. Ananiuliza, "Bosi, wakikataa?"
"Tutamwaga chuma chenye matundu mpaka matundu yaishe. Washa mashine, wateja wanangoja."
Kaiwasha, ila macho yake yako getini. Yangu pia. Mpwa ananiambia, "Mjomba, kaa." Sikai.

Meneja anakuja — hapana, kageuka tena. Anaitazama simu, anaitikisa. Betri imemwishia!

Nimempelekea chaja yangu, na waya mrefu, na kiti. Akae kivulini, aongee mpaka amalize. Kaniuliza kama kile kifungu naweza kukifikiria upya. Nimemwonyesha soketi ilipo.