Niliapa juu ya Ukurasa Nisiousoma

Jumanne, 8 Novemba 1966. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Yeslam rafiki yangu, nimeaibika. Nimeapa uongo darasani!

Mwalimu Jaffar aliuliza nani kasoma ukurasa wa chembe za madini ya manganizi, zenye sumaku, zilizotapakaa ndani ya shaba. Nikasema, "Wallahi nimeusoma." Wallahi, Yeslam! Hata kitabu sikukifungua.

Akauliza, "Basi nguvu ya sumaku baina ya chembe mbili yategemea nini?"

"Umbali tu."

"Umbali tu?" Akausoma ukurasa kwa sauti. Mstari wa kwanza wasema: chembe zikigeuka upande, nguvu hubadilika, hata umbali ukiwa ule ule. Mstari wa kwanza!

Jamaldin wa dawati la nyuma akacheka: "Ewe imamu wetu, wallahi yako hiyo ni ya aina gani?"

Isha ikaingia. Wenzangu wa bweni wakanipisha mbele niwaswalishe, kama kila usiku. Nikabaki safuni. Nikawageukia wote, na Mwalimu pia, nikasema kwa sauti: "Nimeapa uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu. Jamaldin, tuswalishe wewe. Nami mbele yenu naahidi: nisilolijua, nitasema silijui."