Nilichokifanya kwa panga mbele ya wakulima wa Kanazi

Ijumaa, Bukoba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika mchana, na sasa jua la jioni limetoka kana kwamba halikuhusika. Tumbo langu limetulia. Hilo naliandika kwanza kwa sababu si kawaida yake.

Mimi ni bibi shamba, na ninaogopa watu.

Ndiyo, nimesema. Kila siku ya mafunzo tumbo linanikata tangu naamka, chai haipiti, na njiani naongea peke yangu juu ya pikipiki. Jovin, mwenzangu wa ofisini, ana kazi hiihii, bosi huyuhuyu na matope hayahaya, lakini analala fofofo. Yeye akikosea anacheka, mimi nikikosea nalitafuna kosa wiki nzima. Siku zote nimeilaumu kazi. Juzi niliandika barua ya kuomba nihamishiwe mezani, nisikutane tena na mkulima yeyote.

Leo ilikuwa zamu ya kikundi cha Kanazi, somo la mnyauko wa migomba. Lenyewe ni rahisi: ugonjwa unasafiri kwenye panga. Ukishakata mgomba mgonjwa, usiguse mzima mpaka uwe umelipitisha panga kwenye moto. Na lile ua linaloning'inia chini ya mkungu unalivunja kwa kijiti chenye panda, hulikati.

Nikakata mgomba mgonjwa, nikawaonyesha ute wa njano. Nikahamia kwenye mgomba mzima wa mwenye shamba, mama Kokugonza. Macho yote kwangu. Mdomo unakimbia. Nikasema, "Hapa hatutumii panga," na papo hapo nikalikata ua kwa panga.

"Bibi shamba waitu," mama Kokugonza akasema taratibu, kwa heshima ya Kihaya, "si panga lilelile hilo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Najijua, hapo huwa naanza kujitetea mpaka watu wanaona aibu kwa niaba yangu. Leo sijui nini kilinipata, labda nilichoka tu kuogopa.

"Ndilo, mama. Nimekosea. Nimeuhatarisha mgomba wako. Nisamehe."

Baba mmoja nyuma akakohoa. Akasema naye aliazima panga la jirani kukata ndizi za rubisi, pombe ya harusi ya binti yake, na moto hakuuwaza kabisa. Mwingine akasema yeye huazima kila wiki. Mama Kokugonza akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe wote tunaimaliza migomba wenyewe!"

Miaka miwili nimefundisha pale na hakuna aliyewahi kuniambia. Walikuwa wananiitikia "ndiyo, bibi shamba", kisha wanarudi nyumbani kuazimana mapanga. Tukawasha moto palepale, tukayapitisha mapanga yote, la kwangu likiwa la kwanza.

Sitageuka Jovin. Nimezaliwa hivi, na hata nilipokuwa mtoto kule Muleba nilijificha jikoni wageni wakija. Ila nimekuwa nikidhani kujiamini ni kutokosea mbele za watu, na nadhani ni dhana hiyo, zaidi ya kazi yenyewe, iliyokuwa ikinikata tumbo. Leo nimekosea mbele ya kikundi kizima, nimerudi nyumbani, nimekula ndizi na maharage sahani mbili.

Barua nimewashia mkaa.

Bado nina hofu, nisijidanganye. Mgomba wa mama Kokugonza unaweza kunyauka, na itachukua wiki kadhaa kujua. Nimemwahidi kupita kila Ijumaa kuuangalia. Nikiukuta na majani ya njano, nitaung'oa mwenyewe, mchana, kikundi kizima kikitazama, na nitawaeleza tena ni nani aliyeuambukiza.

Kisha nitaendelea na somo.