Sauti Yako Ilitokea Jikoni

Mama Tumaini, mke wangu,

Habari za huko siulizi, maana hujibu. Nimekaa kwenye meza yangu ya ufundi hapa Vwawa, na mbele yangu ziko spika zetu kubwa za mbao, zile ulizonichekea siku nilipozivusha mpaka kutoka Nakonde, Zambia: "Haya, umetuletea makabati yanayoongea!"

Mama yako amekuja kwa ajili ya kukuwekea msalaba Jumapili. Heshima ya mkwe unaijua: hakanyagi ndani kwangu, na akiwa na neno linapitia kwa binti yetu. Safari hii aliomba jambo moja tu, akusikie ukiimba kwenye kanda ile ya kwaya.

Nikaiweka. Loo! Besi inanguruma, wewe umezibwa kama unaimba chini ya blanketi zito. Nilitoka nje nikalia, sikujificha. Nilidhani hata kanda imekupoteza.

Kumbe ni spika. Nilizigusisha zile spika ndogo za ndani ya maboksi na betri, zikakwaruza, nzima. Basi ubovu uko kwenye krosova, kile kibao cha ndani kinachogawa sauti, nene ziende spika kubwa, nyembamba ziende ndogo. Kapasita zake, vile vikopo vya kupitishia sauti nyembamba, zilikuwa zimekauka kwa uzee, maboksi yote mawili. Nikazing'oa, nikachomelea nyingine, nikafunga harakaharaka, nikawasha.

Ukatokea jikoni.

Sikutanii. Wenzako wa sauti nene wako mbele yangu, wewe uko nyuma yangu, kule kwenye mafiga yako: "Jamani subirini, sijakaa vizuri!" Ukacheka, ukaanza kuimba. Nywele zilinisimama. Mama yako akaitika kutoka barazani, "Nakuja, mwanangu!" akakatiza sebuleni kwangu bila kuniangalia, hadi jikoni. Hakukuta mtu.

Mimi nilijua ni nini. Kwenye boksi moja niligeuza nyaya za spika ndogo, chanya kwa hasi. Maboksi yakipingana hivyo, sauti nyembamba inakosa pa kukaa, inazurura nyumbani. Kuzirudisha ni kazi ndogo tu. Sikuweza, na mama yako naye akatuma neno nisiziguse.

Basi tukaishi na wewe. Kila asubuhi naweka kanda, yeye anakaa jikoni anakusikiliza. Nilifurahi, nakwambia ukweli, na nikawa naogopa kugeuka. Mpaka jana mchana nikamwona anapakua ugali, anakutengea na wewe sahani, kisha anamwinua Tumaini kwenye kigoda chako ili upate pa kukaa.

Tumaini alisimama na sahani yake mkononi, akanitazama. Mtoto kafiwa na mama, na bado tunamwambia ampishe! Nikachukua bisibisi.

Nilipowasha tena, ulikuwa ndani ya maboksi, katikati ya wenzako, safi kabisa. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho, kasimama kwenye mlango wa jikoni. Kisha akamwambia Tumaini, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie baba yako, sasa mwanangu amekufa."

Pumzika, mke wangu. Jumapili nitaipiga kanda yako mara moja, watu wakusikie, halafu nizime. Na Tumaini atakaa popote anapotaka humu ndani, nakuahidi.

Ila mimi, nikitaka hata maji ya kunywa jikoni, bado nabisha hodi.