Siku Niliyompoteza Bi Mkubwa Kisiwani Chumbe

Jumanne, mwisho wa Shaaban, baada ya Magharibi.

Kaskazi imevuma kutwa na hata sasa madirisha yanagonga. Mguu wangu wa kulia umefungwa kitambaa na unawaka moto. Seif, mume wangu, yuko msikitini na hatarudi mpaka isaliwe Isha. Nsipoandika sasa, nitaanza kujidanganya hata mwenyewe.

Leo tulikwenda kisiwa cha Chumbe kuvunja jungu kabla ya mfungo. Tulikuwa wanawake tisa, na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa nguo. Chumbe hakikaliwi na mtu. Ni msitu juu ya mawe, na kaa wakubwa wanaopanda miti. Kisima hakuna; hata maji ya kunywa tulikwenda nayo.

Bi Mkubwa, mama yake Seif, alikuwa pamoja nasi. Tangu mwaka ule mizinga ya Waingereza ilipoivunja kasri ya Sultani hajakuwa yule wa zamani, na miezi hii akili yake inakuja na kuondoka. Asubuhi moja huniuliza mara tano mimi ni binti wa nani. Namvisha, namlisha, namzuia asitoke mlangoni. Seif hakutaka aende.

"Nitamshika mkono mwenyewe," nilimwambia.

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Tulifika maji yakiwa yamekupwa, mwamba wote uko wazi. Wenzangu walitandika mikeka kivulini, wifi yangu Thuwaiba akaanza kupakua. Bi Mkubwa alikuwa amekaa, anasokota ncha ya ukaya wake, ile shela ya kichwani. Mimi nikainuka. Sikumwambia mtu. Nilizunguka mpaka upande wa pili wa kisiwa, nikavua barakoa ya kufunikia uso, nikatia miguu katika dimbwi la maji ya uvuguvugu. Hapakuwa na wa kuniita.

Nikasema moyoni, laiti siku zangu zote zingekuwa hivi, bila yeye.

Niliyasema hayo. Mungu alisikia.

Niliporudi, kivuli kilikuwa kimehama na mkeka wa Bi Mkubwa ulikuwa mtupu. Thuwaiba aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Nimemwacha hapa na nyinyi."

"Sisi tulidhani umekwenda naye!"

Tuliingia msituni, tukiita mpaka sauti zikakauka. Miiba ilinichana nguo. Kila shimo kati ya mawe nililichungulia huku nimeziba mdomo, nikiogopa nitakachokiona. Nahodha Haji, mwenye mashua, alikuja akanisemesha huku ameinamisha uso, kwa kuwa uso wangu ulikuwa wazi na sikukumbuka hata kujifunika.

"Bibi, kaskazi inazidi, na kurudi mjini tunakwenda kinyume chake. Tusipoondoka kabla ya Alasiri tutalala hapa, na mtungi umebaki maji ya chini."

"Ondoka na wengine. Mimi siondoki."

"Mimi siachi mtu kisiwani," alisema. Akapanda juu ya jiwe na kukinga jua kwa mkono. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, siyo msituni, baharini.

Palikuwa na doa jeusi mbali kule, ukingoni mwa mwamba. Na maji yalikwisha anza kujaa.

Nilikimbia. Mwanzo maji yalikuwa ya kifundo, kisha ya goti. Hapo ndipo jiwe liliponipasua mguu, nami sikuhisi kitu. Nilimkuta ameinama, amepindua ukaya wake ukawa kama mfuko, anaokota kombe za baharini. Maji yalimfika mapajani.

"Bi Mkubwa! Twende, maji yanajaa!"

Hakugeuka. Nikamshika mkono, akauchomoa kwa nguvu nisizozijua.

"Niache! Mama kasema nsirudi mpaka kikapu kijae."

Amekulia Bumbwini, pwani. Alikuwa amerudi huko, na mimi kwake nilikuwa mtu wa njiani tu. Nilimbembeleza kwa jina la Seif. Hakumjua Seif. Wimbi likampiga, akayumba, kombe zikamwagika, naye akaanza kulia kilio cha mtoto anayeogopa kupigwa. Haji alikuwa anakuja nyuma yetu, lakini bado yuko mbali.

Basi nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nikamwita kwa jina lake tupu.

"Zuwena!"

"Naam," akaitika papo hapo.

"Ni mimi, mama yako. Kikapu kimejaa, mwanangu. Njoo."

Aliniangalia. Sijapata kuangaliwa na mtu namna ile. Kisha akanipa mikono yote miwili, nikamvuta kifuani, na tukaenda hivyo mpaka Haji alipotufikia na kumbeba mgongoni.

Kurudi kulikuwa kubaya. Mashua ilipigwa na mawimbi mpaka wengine wakasoma shahada kwa sauti. Bi Mkubwa alilala mapajani mwangu njia nzima. Tulipokaribia mjini, pwani ya Shangani, Thuwaiba alinong'ona, "Hili lisimfikie kaka." Sikumjibu, na kutojibu kwangu kulikuwa ni kukubali.

Seif alitupokea mlangoni. Aliuona mguu wangu.

"Nimeteleza," nikasema.

Akamgeukia mama yake. "Umefurahi, Mama?"

Bi Mkubwa akamshika shavu. Leo hii jioni alimjua mwanawe, akamtaja kwa jina.

"Seif, mkeo huyu hakuniacha hata mara moja."

Seif akaniangalia kwa shukurani, machozi yakimlengalenga.

Sijui kama amesahau au amenisitiri. Nimemtazama akila, nimemtazama akilala, na sijui. Kama amesahau, nimeipokea sifa ya mtu asiyejua alisemalo. Kama amenisitiri, basi anakumbuka yote, na jambo hilo linanitisha zaidi.

Kesho au keshokutwa tunafunga. Siwezi kuingia mwezi mtukufu na shukurani ile juu ya kichwa changu. Na kuna jambo zaidi ya aibu yangu: Seif lazima ajue akili ya mama yake imefikia wapi, kwa sababu siku nyingine huenda asipatikane wa kumwona kutoka juu ya jiwe.

Nasikia viatu vyake vya mti ngazini.

Nitaanza na dimbwi, na nilichokisema pale moyoni. Ndicho kigumu kuliko vyote.