Jina la Kazadi Asubuhi

Likasi, Shituru, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Yaya Tina wangu,

Jambo ya mingi. Huko Mulungwishi mulilala muzuri? Banafunzi banakusumbua, ao weye njo unabasumbua? Huku tuko bazima. Mama miguu inamuuma kidogo, mudomo yake haiumaka. Minye niko muzuri kupita bote, unanijua.

Tangu ulibadilisha numero ya simu kwa sababu ya Kazadi, bila kutupa ile mupya, tunakuandikia barua tu, sawa bantu ya zamani. Mama anaulizaka kila mara kama utakuja. Minamujibu: Tina hatakuja kulala karibu na ukuta ya jirani Kazadi, mwanaume mwenye alimuacha na nguo ya ndoa imeshashonwa, akaoa Joëlle.

Sasa sikia bahati yangu. Ku atelier, kule tunatengenezaka moteri, tuko na mukubwa wa kazi mupya, Mzee Bandula, muntu ya Sri Lanka, dini yake ya Buddha. Yaya, nimeona bantu, lakini huyu! Siku moja dereva alikuja kumutukana mbele yetu kwa sababu moteri yake haijaisha kutengenezwa. Minye nilishashika clé ya chuma, tayari kupigana. Mzee akamusikiliza mupaka mwisho, akamupa chai, akamuuliza kwake kuko namna gani. Dereva akalia. Mutoto yake iko ku hospitali. Kisha Mzee akaniambia na Kiswahili yake ya kuvunjika: “Gauthier, usishike waya mbele ya kuipima. Muntu pia.”

Tena, mbele ya kufungua sanduku ya umeme, anatoaka badudu ya chungu na karatasi, moja moja, basiungue. Tulimucheka. Leo minye njo nashikaka karatasi.

Ananifundisha kukaa kimya asubuhi, macho ya kufunga, kufuata pumzi, kisha kutakia bantu mema. Kwanza minye mwenyewe (hapo nilikuwa fundi tangu kuzaliwa). Kisha Mama. Kisha muntu mwenye sijue muzuri, minaweka mama mwenye anauzishaka makala ya kupikia. Mwisho, muntu mwenye sipende. Unajua ni nani. Nilimuomba Mzee turuke ile. Akacheka tu.

Mudogo yako mwenye akili,
Gauthier


Mulungwishi, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Mudogo,

Salamu kwako na kwa Mama. Umupake mafuta ya moto kwa miguu. Minye niko muzima, masomo inaendelea.

Kama umeanza kupigia sanamu magoti, Mama atakufa na haya kanisani. Na ile jina, usiiandike tena kwa barua yangu. Mema gani unamutakia? Mema yote alishabeba. Ukimaliza kukaa kimya, pasua kuni.

Yaya yako,
Tina


Likasi, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Yaya mupendwa,

Afya yako? Ya Mama ni muzuri, ni minye njo nilikaribia kufa. Ngoja, usilie bado.

Kanisa naendaka. Mzee hajaniambia niache kitu, hata kuimba kwangu ya vibaya. Shida ilitoka kwa ukuta. Nilikuwa nakaa kule asubuhi kwa sababu jua inafika haraka. Kazadi akagonjwa, homa ikamulalisha. Joëlle akachungulia juu ya ukuta, akaniona miguu wazi, macho ya kufunga, nanong'ona: Kazadi, Kazadi. Kwetu, mwenye kuita jina ya mugonjwa hivyo, anatafuta nini? Avenue yote ikajua: Gauthier ni mulozi, muchawi kabisa. Minye, na sura hii!

Vijana bakajaza parcelle, kiwanja yetu yote. Mama akasimama ku mulango na mutwangio ya kinu. Mzee Bandula akafika, hakubishana na muntu. Akaikala chini karibu yangu, akauliza: “Umepima?”

Nikamuangalia Joëlle. Alikuwa ameshika shati ya bwana yake, macho mekundu. Hakuwa na ubaya, Yaya. Alikuwa na woga. Hasira yangu ikaisha, sawa moteri yenye umezima.

Nikaomba banipeleke kwa Kazadi. Mbele ya bote nikasema kwa sauti kubwa maneno yenye nasemaka kila asubuhi: “Kazadi, ukuwe salama. Mwili yako ipone. Roho yako itulie. Nyumba yako ikuwe na furaha.” Ile ya mwisho ilinikwama sawa mufupa ya samaki, kwa sababu yako.

Kazadi akainua kichwa kwa mukeka. “Kila siku unanisemeaka hivi?”

“Kila siku. Jumapili hapana, nalalaka.”

Akacheka mupaka akakohoa. Joëlle akasema polepole: “Rudilia.” Nikarudilia. Vijana bale bale bakamubeba ku hospitali, ilikuwa malaria. Sasa anatembea. Aliniuliza kama uko muzima. Nikasema ndiyo. Akaangalia chini.

Mudogo yako, mulozi wa mema,
Gauthier


Mulungwishi, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Gauthier, mudogo wangu,

Bado muko bazima? Nisamehe kunyamaza, kazi haikunizuia. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikakasirika nayo.

Kisha asubuhi moja, mbele ya sala, nilijaribu. Kujitakia mema minye mwenyewe ilinishinda, nikalia. Kumutakia Mama ilikuwa mwepesi. Kwa ule mwenye aliniacha, maneno ikakataa, siku nyingi. Nikaanza na Joëlle na ile shati mukononi. Woga ile ninaijua. Jana nilifika kwa jina ya ule mwanaume, nikasema mupaka mwisho. Sikuona mwangaza wala nini. Nilisikia njaa tu, nikaenda kusonga bukari ya mahindi, nikaimaliza yote.

Mwambie Mzee wako aksanti. Ningependa kumuona.

Sikukuu ya Uhuru niko nyumbani. Mama anitandikie chumba changu, ile ya karibu na ukuta. Na weye, asubuhi, usinong'one tena. Sema kwa sauti, tusikie pande zote mbili.

Yaya yako,
Tina